Tunalala Ruiru, Kura Ziko Ushago

Kuna hesabu moja ambayo wanasiasa wa Kiambu wanaielewa kutuliko sisi wapangaji. Sensa hukuhesabu pale ulipolala. Kura huhesabiwa pale ulipojiandikisha. Katikati ya hizo mbili ndipo wanapoponea.

Sensa ya 2019 ilikuta watu 2,417,735 Kiambu, kaunti ya pili kwa wingi wa watu baada ya Nairobi. Sisi tuliojazana Ruiru na Juja tuko humo, wengi tukiwa tumefukuzwa na bei ya keja za Nairobi. Mwaka 2020, maseneta walipokabana koo juu ya mgao wa kaunti, wanasiasa wa Mlima Kenya walikuwa na wimbo mmoja: mtu mmoja, kura moja, shilingi moja. Vichwa vyetu vilifaa sana kuombea pesa.

Ikafika 9 Agosti 2022. Waliojiandikisha Kiambu walikuwa 1,275,008. Gavana Kimani Wamatangi alishinda kwa kura kama 348,000, yaani robo na ushee ya waliojiandikisha. Simlaumu, sheria haimdai zaidi. Rais lazima avuke nusu ya kura zilizopigwa. Gavana anahitaji tu kumpita anayemfuata. Ukishuka hadi mwakilishi wadi, hesabu inazidi kuwa ndogo. Ukoo, kanisa na wenye ploti wanaweza kutosha kumpa mtu kiti.

Mwenye nyumba wangu hupiga kura hapa. Majirani zangu wa ghorofa hiyo hiyo, kura zao ziko Kisii, Kitui, Busia. Siku ya uchaguzi wanapanda basi, au wanalala. Halafu tunakutana kwenye ngazi kulalamika: maji taka yamefumuka, takataka zimerundikana, maji tunanunua kwa mtungi. Jirani, Katiba imeweka takataka, maji, zahanati na chekechea mikononi mwa kaunti. Mheshimiwa uliyemchagua ushago hawezi kukuzolea hata gunia moja la taka hapa.

Najua jibu lako: "Hapa si kwetu." Na nyuma ya jibu hilo kuna hofu ya kweli. Baada ya uchaguzi wa 2007 watu walifukuzwa kwenye nyumba walizokuwa wakilipia kodi, na wengi walikimbilia ushago kuokoa maisha. Anayeicheka hofu hiyo hana kumbukumbu. Lakini hofu yetu imekuwa mtaji wa wengine. Mgeni asiyepiga kura ndiye mgeni wanayempenda: analipa kodi, anahesabiwa kwenye sensa, hasumbui mtu.

Wala usiniambie kura haibadilishi kitu. Mimi niliacha chuo kwa kukosa karo, kwa hivyo kukata tamaa na serikali nakujua vizuri. Lakini wadi si Ikulu. Kura mia chache zinaweza kuamua kiti cha wadi, na watu mia chache tunao kwenye ghorofa tatu nne za mtaa huu.

Uchaguzi ujao ni 10 Agosti 2027. Kuhamisha kura ni kubeba kitambulisho hadi ofisi ya IEBC ya eneo bunge lako, kabla sajili haijafungwa. Shamba la babu litabaki pale pale. Wewe hamisha kura.