Ukakasi Si Kasoro

Nimechoka na neno "laini". Mvinyo ukisifiwa siku hizi, unasifiwa kwa ulaini: eti umeteleza, eti haukusumbua, eti chupa imeisha bila mtu kujua. Jamani, hata maji ya bomba hufanya hivyo. Juzi rafiki yangu, msomaji mzuri na mwenye ulimi unaojua kuonja, alipewa Barolo ya miaka minne. Akapiga funda moja, akakunja uso, akasukuma glasi: "Hii wameiharibu." Pale mezani sikumjibu vizuri. Namjibu hapa.

Barolo hutengenezwa kwa zabibu moja tu, Nebbiolo, kwenye vilima vya Langhe, mkoa wa Piemonte, kaskazini-magharibi mwa Italia. Ni zabibu inayochelewa kuiva. Mara nyingi huvunwa Oktoba, ukungu umeshaanza kulala mabondeni, na wengi husema jina lake limetokana na nebbia, yaani ukungu. Ukiimimina inakudanganya, maana rangi yake ni nyepesi na unaona vidole vyako upande wa pili wa glasi. Inanukia waridi na lami. Halafu unameza, na mdomo mzima unakauka kama umetafuna ganda la ndizi mbichi.

Huo ni ukakasi, na sisi tuliokula mabibo utotoni hatuhitaji kufundishwa ni kitu gani. Unaletwa na tanini iliyomo kwenye maganda na mbegu za zabibu. Chai iliyosahauliwa jikoni ikachemka mpaka ikakaba ina mambo hayo hayo. Tanini hushikana na protini za mate, ulimi ukapoteza utelezi wake. Ndiyo maana chai ile ukiitia maziwa inatulia: protini za maziwa zimeiwahi. Na ndiyo maana watu wa Langhe hunywa Barolo na nyama iliyopikwa taratibu, au na jibini. Hawainywi kavukavu, tumbo tupu, kama alivyofanya huyu bwana.

Sasa utaniambia: mvumilivu hula mbivu, basi ungesubiri. Hapana, msemo huo hapa haufiki. Nebbiolo imevunwa ikiwa mbivu; hakuna kibichi kinachongojewa. Kinachotokea ndani ya pipa, na baadaye ndani ya chupa, ni kwamba tanini huungana zenyewe kwa zenyewe na kwa chembe za rangi, na nyingine huwa nzito zikazama chini kama machicha. Rangi inageuka ya tofali. Waridi bichi linakuwa waridi lililokauka, halafu zinakuja harufu za majani makavu, ngozi na uyoga. Muda wote huo, tanini na uchachu ndivyo vinavyoulinda mvinyo usiharibiwe na hewa. Kwa hiyo ukakasi si adhabu unayoilipa ili baadaye upewe utamu. Ukakasi ndio mali yenyewe. Ukiung'oa mwanzoni, umeng'oa nguzo halafu unashangaa nyumba haifiki miaka ishirini.

Na kuna waliojaribu kuupunguza. Miaka ya 1980 vijana wa Barolo walifupisha muda wa kuloweka maganda, kutoka wiki nyingi hadi siku chache, wakaleta mapipa madogo mapya ya Kifaransa, ya lita 225, yanayotia harufu ya vanila. Mwaka 1983 Elio Altare alichukua msumeno wa mota akakatakata mapipa makubwa ya baba yake. Baba akamnyima urithi. Upande wa pili alisimama Bartolo Mascarello, aliyechora lebo kwa mkono wake kuyakataa mapipa madogo na Berlusconi kwa pamoja.

Siwatukani akina Altare. Mapipa mengi ya zamani yalikuwa machafu kweli, na njaa ilikuwa njaa kweli. Asome mtu La malora ya Beppe Fenoglio, ya mwaka 1954, aone kijana Agostino anavyopelekwa kuwa mtumishi wa shamba kwenye vilima vya juu vya Langhe hiyo hiyo. Asiye na akiba hawezi kungoja, na wengi waliacha mashamba wakaenda viwandani Alba na Torino. Walitaka mvinyo wao uuzike. Nani angewalaumu? Lakini wengi wao leo wamerudi kwenye mapipa makubwa, na hawakurudi kwa ushamba. Waliona kwamba chupa zilizolainishwa zilianza kufanana na chupa za popote pale.

Nikubali na hili: si kila kikali hukomaa. Mvinyo mbovu ukiuweka miaka ishirini, unapata mvinyo mbovu mzee. Ukakasi bila tunda ni ukavu tu, na hauna dawa.

Lakini rafiki yangu hakulalamikia hilo. Alilalamikia kwamba hakuhudumiwa papo hapo. Sheria inamtaka mkulima wa Barolo asiuze kabla ya miezi 38, angalau 18 kati yake ndani ya mbao, na ikiwa ni riserva miezi 62. Miezi yote hiyo pesa yake imelala ghalani. Mkulima amengoja zaidi ya miaka mitatu, na wewe unashindwa kungoja hata nyama iletwe mezani?

Tena hakuna aliyekulazimisha. Vilima hivyo hivyo vinatoa Dolcetto na Barbera, na wenyeji ndizo wanazokunywa siku za kawaida. Unataka cha leo? Kipo, kitamu, na bei yake ni nafuu. Kuidai Nebbiolo iwe Dolcetto ni kumwendea seremala ukamlaumu kwamba mlango wake haukunjiki kama pazia.

Chupa ile haijaisha. Nimeifunga, na kesho napika nyama ya mfupa, saa tatu jikoni kwa moto mdogo. Rafiki yangu nimemwalika. Aje na njaa.