Je, Papa Shirandula Angefanyia Kazi Nyumbani?

Mchezo wa Papa Shirandula, ulioanza kuonyeshwa katika runinga ya Citizen mwaka 2007, ulisimama juu ya uwongo mmoja. Mhusika mkuu alikuwa bawabu, na mkewe Wilbroda hakupaswa kulijua hilo. Kichekesho kizima kilikaa katika umbali uliokuwapo baina ya mlango wa nyumba yake na lango alilolilinda. Charles Bukeko, aliyeigiza nafasi hiyo, alifariki Julai 2020 kwa ugonjwa wa Korona. Ilikuwa miezi minne tu tangu serikali ya Kenya, mnamo Machi 15 mwaka huo, izihimize ofisi na kampuni ziwaruhusu watumishi wao wafanyie kazi nyumbani. Mwigizaji aliyewachekesha watu kwa kuificha kazi yake mbali na nyumba aliondoka wakati nyumba na kazi zilipokuwa zikilazimishwa kulala chumba kimoja.

Tangu hapo mambo mawili yamekuwa yakizungumzwa na vijana wa Kitale na Bungoma, kila moja kwa njia yake. La kwanza ni hamu ya kufufuliwa kwa michezo na filamu za utotoni: Papa Shirandula, Machachari, na kwa wale waliorithi kumbukumbu za wazazi wao, Vitimbi, Vioja Mahakamani na Tausi. La pili ni kazi za kufanyia nyumbani, hasa zile zinazopatikana mtandaoni. Wanaozungumza la kwanza huonekana kuwa watu wa burudani, na wanaozungumza la pili huonekana kuwa watu wa uchumi. Makala haya yanashikilia kwamba mambo hayo yanakutana mahali pamoja, na kwamba mwanafunzi wa Kiswahili ndiye mwenye sababu kubwa zaidi ya kupaona mahali hapo.

Yafaa kuanza na kumbukumbu yenyewe. Hadi mwaka 1990, KTN ilipoanzishwa, Kenya ilikuwa na kituo kimoja tu cha runinga, kile cha shirika la serikali. Hata baada ya hapo, katika vijiji vilivyo kandokando ya barabara ya Kitale kwenda Webuye, chombo hicho kilibaki kuwa mali ya nyumba chache. Mara nyingi kilikuwa cha picha nyeusi na nyeupe, kikitumia betri ya gari iliyopelekwa sokoni kwa baiskeli ili ichajiwe. Betri ikidhoofika, picha ilianza kusinyaa kutoka pembeni, na mwenye nyumba alikuwa na haki ya kuamua kama nguvu zilizobaki zitatumika kwa taarifa ya habari au kwa Vitimbi. Watoto waliketi sakafuni, vijana wakasimama dirishani.

Kitale ilikuwa na jambo moja zaidi. Katika mitaa kama Tuwan na Matisi, Mbukusu hupakana na Mturkana, Msabaoti na Mkisii na Mkikuyu, na Kiswahili si somo la shuleni bali ndicho kinachowawezesha kuazimana chumvi. Kichekesho kilipompita mmoja, jirani alimfafanulia papo hapo. Anayesema leo kwamba anakikumbuka kipindi fulani mara nyingi hakikumbuki kisa chake hata kidogo; anakumbuka nani alikuwa ameketi wapi, na nani alicheka mwisho.

Hapana shaka kumbukumbu ya namna hiyo ina utamu, lakini utamu si hoja. Michezo hiyo ilikuwa na kasoro ambazo mashabiki wake huzipitia juu juu. Bawabu wa Nairobi kuwa Mluhya ni picha iliyochorwa zamani, kabla ya Papa Shirandula kuzaliwa katika mawazo ya yeyote, na mchezo uliifanya picha hiyo izidi kukolea. Makokha wa Vioja Mahakamani alibeba jina ambalo Bungoma halikosekani kijijini, naye alichekesha kwa sehemu kubwa kwa namna alivyokitamka Kiswahili. Wapo waliocheka kwa kujiona katika kioo. Wapo pia watoto waliopelekwa shule za mbali na kukuta kwamba kila wakifungua kinywa wanaitwa Makokha, nao hawakucheka. Mtu akiidai michezo hii irudi, ni haki aulizwe kama anataka na jambo hilo lirudi.

Hata hivyo, suala la lafudhi lina upande wa pili ambao mhakiki hana budi kuukiri. Benson Wanjau, aliyejulikana kote kama Mzee Ojwang', alikuwa Mkikuyu. Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo alichokizungumza katika Vitimbi alikitunga kwa sikio. Aliishika sauti ya jamii nyingine kwa usahihi uliowafanya watazamaji wengi waamini kwamba alizaliwa ukingoni mwa Ziwa Viktoria. Huo ni ujuzi. Ni ushahidi pia wa jinsi Kiswahili cha bara la Kenya kilivyosikika katika kipindi fulani cha historia yake, na ushahidi huo haumo katika vitabu vya sarufi wala katika magazeti. Wanjau alifariki mwaka 2015. Bukeko alifuata baada ya miaka mitano.

Hapo ndipo wazo la kuunda upya linapogonga mwamba. Marekani iliunda upya filamu ya The Lion King mwaka 2019, miaka 25 baada ya ile ya kwanza. Picha zote zikabadilishwa, waigizaji karibu wote wakabadilishwa, lakini sauti ya Mufasa ikaachiwa James Earl Jones yuleyule wa mwaka 1994. Wenye fedha zote hizo walijua ni kitu gani hakibadilishiki. Kumtafuta kijana leo amwige Ojwang' ni kumwiga mtu aliyekuwa akiiga. Kinachopatikana ni kivuli cha kivuli. Vichekesho vipya na vitungwe, tena kwa wingi. Ila kuvivika majina ya zamani ili vipate watazamaji kwa urahisi ni kukopa bila nia ya kulipa.

Uingereza ina funzo linalofaa zaidi. Shirika la BBC lilifuta kanda nyingi za mchezo wa Doctor Who wa miaka ya 1960, kwa kuwa kanda zilikuwa ghali na hakuna aliyedhani kwamba kuna atakayezihitaji. Picha za vipindi hivyo zilipotea, ila sauti zilibaki, kwa sababu watazamaji wachache walikuwa wakizirekodi majumbani mwao. Kutokana na sauti hizo baadhi ya vipindi vilitengenezwa upya kwa michoro baada ya miongo kadhaa. Waliouokoa mchezo huo, basi, hawakuwa watu wa studio bali watu waliokuwa nyumbani, wakifanya kazi ambayo hakuna aliyewatuma.

Kinachohitajika Kenya ni kazi ya aina hiyo, isipokuwa sasa watu watumwe na walipwe. Vipande vya Vitimbi na Vioja Mahakamani vimo mtandaoni na hutazamwa. Havina maandishi ya chini ya picha, havina manukuu yanayoweza kutafutwa neno kwa neno, havina faharasa. Mtafiti anayetaka kujua neno fulani la mtaani liliingia lini katika Kiswahili cha runinga hana pa kuanzia ila kutazama saa baada ya saa akiwa na kalamu mkononi. Chuo Kikuu cha Helsinki kina kongoo kubwa ya Kiswahili, na imewafaa wengi, lakini msingi wake ni maandishi, hasa ya magazeti na vitabu. Kiswahili cha Mama Kayai akimgombeza mumewe hakimo. Katika kongamano za Kiswahili husemwa mara kwa mara kwamba lugha ya mazungumzo haijatafitiwa vya kutosha. Saa nyingi za lugha hiyo zimerekodiwa tayari na zinangoja kuandikwa.

Nani ataziandika? Jibu liko Kiminini, Chwele na Kanduyi. Humo wamo wahitimu wa Kiswahili ambao hawajaajiriwa na tume ya walimu na ambao hutumia usiku wao kunukuu sauti za watu wasiowajua. Tangu mpango wa Ajira Digital uzinduliwe na serikali mwaka 2016, kazi za mtandaoni zimehubiriwa kwa vijana kama njia ya kujikimu, na kunukuu sauti ni mojawapo ya zile zinazohitaji mtaji mdogo: tarakilishi, visikizio na kifurushi cha intaneti. Kwa kawaida malipo huhesabiwa kwa dakika ya sauti, si kwa dakika ya kazi. Anayefahamu kazi hii anajua tofauti iliyopo hapo, kwa maana dakika moja ya watu watatu wanaokatizana inaweza kumeza nusu saa. Sauti zenyewe nyingi ni za Kiingereza cha mbali. Mtu aliyesomea fasihi ya Kiswahili kwa miaka minne hukesha akinyoosha mazungumzo ya wauza nyumba wa jimbo ambalo hatalitembelea.

Nyumbani nako kuna mambo yake. Katika boma la Kibukusu, kijana anayeonekana mchana ni kijana asiye na kazi. Hutumwa kisimani, huitwa kufungua zizi, na akisema yuko kazini huangaliwa kwa huruma. Binti hutumwa mara mbili zaidi, na aliye na mtoto mchanga hunukuu kwa mkono mmoja. Radi ikipiga jioni, jambo ambalo Bungoma hulijua vizuri, umeme hupotea na kazi iliyokuwa ikabidhiwe kabla ya mapambazuko hukabidhiwa mtu mwingine. Ndiyo sababu wapo wanaooga asubuhi, wakavaa vizuri na kwenda kuketi mjini katika chumba cha kukodi, wakiifanya kazi ambayo ingewezekana palepale kitandani. Wanamcheza Papa Shirandula kinyume. Yeye alivaa suti ili aifiche kazi yake. Wao huvaa ili waaminike kwamba wana kazi.

Wanaoitetea kazi ya nyumbani kwa kutaja nauli isiyolipwa na foleni isiyopangwa husema kweli ya Nairobi. Mtu wa Kitale hana foleni ya kuikimbia. Faida yake ni nyingine, nayo ni kubwa zaidi: anaweza kuifanya kazi ya taaluma yake bila kulihama eneo ambalo masikio yake yalilelewa. Faida hiyo haipo hadi kazi yenyewe iwe ya taaluma yake. Hapo ndipo mabishano kuhusu nyumbani na ofisini yanapokosa shabaha, kwani yanauliza mtu aketi wapi na kuacha kuuliza anaandika nini, kwa ajili ya nani, na jina lake limewekwa wapi. Mwaka 2022 Seneta Samson Cherargei alipendekeza mswada wa kumpa mfanyakazi haki ya kutojibu simu na ujumbe wa mwajiri nje ya saa za kazi. Lilikuwa wazo zuri kwa mwenye mwajiri. Mnukuzi wa Chwele hana mwajiri wa kumnyima jibu. Ana akaunti ambayo huweza kufungwa bila maelezo.

Iwapo vituo vya runinga na vyuo vikuu vitakubaliana kuzinukuu hazina hizi, basi kazi itolewe kwa mkataba wa maandishi, ilipwe kwa kuzingatia ugumu wa sauti, na jina la mnukuzi liandikwe pamoja na kipindi, kama linavyoandikwa la mpiga picha. Hilo la jina si dogo. Mhitimu anayeweza kuonyesha kwamba amenukuu na kufafanua vipindi 40 vya Vioja Mahakamani ana kitu cha kumwekea mwajiri mezani, tena ana nusu ya tasnifu.

Kuna pingamizi moja zito. Michezo hii haiwezi kunukuliwa na mtu mmoja aliyejifungia. Katika sentensi moja mhusika anaweza kuanza kwa Kiswahili, akaapa kwa Kijaluo na kumalizia kwa methali ya Kibukusu aliyoipindua makusudi. Mnukuzi wa Kitale ataishika methali, kiapo kimpite, na mashine ya kunukuu ambayo sasa inasifiwa kila mahali itavipita vyote viwili na kuandika upuuzi kwa ujasiri mkubwa. Kazi inahitaji masikio mengi, kama yale ya sebuleni zamani. Kwa hiyo siku nne za juma zifanywe nyumbani, na ya tano wanukuzi wakutane, waisikilize tena sauti pamoja na kubishana. Chuo Kikuu cha Kibabii, kilichopewa hati yake mwaka 2015, kiko karibu na mji wa Bungoma. Makumbusho ya Kitale yapo. Wazee waliovitazama vipindi hivyo vilipokuwa vipya nao waalikwe, na walipwe posho, kwa kuwa watakachokifanya hapo ni kazi.

Linalobaki ni ruhusa. Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kazi ya picha na sauti hulindwa kwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka ilipotengenezwa au kutolewa kwa umma, kwa kuhesabu tarehe iliyo ya mwisho. Kipindi kilichoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1990 hakitakuwa huru kabla ya 2041. Waigizaji nao wana haki zao, na jamaa za waliofariki wanastahili kuulizwa. Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vina uzoefu wa kuandika barua za kuomba udhamini wa kongamano na fulana. Barua ya kuomba kibali cha kunukuu msimu mmoja tu wa mchezo mmoja haitazidi ukurasa, na inaweza kupelekwa kwa kituo husika kabla muhula huu haujafungwa.