Kikale kwa Nani?

Kidato cha tatu, karatasi ya fasihi. Shairi, kisha lile swali la mwisho tulilolipenda sote kwa sababu lilikuwa alama za bure: eleza maana ya neno "mtima" kama lilivyotumika. Nikaandika kwamba ni pale ndani mtu anapoweka maumivu asiyoweza kuyasema. Mwalimu akakata kwa kalamu nyekundu: "Moyo." Kwenye swali la uhuru wa mshairi, tukafunzwa kulitaja tena neno lilelile kama mfano wa "msamiati wa kikale". Alama moja nyingine. Tangu hapo mtima ukawa kwangu kama redio ya mbao ya babu: iko sebuleni, haiguswi.

Sasa nataka kubishana na hiyo kikale. Kikale kwa nani?

Panda matatu ambayo dereva wake anapenda rumba. Utasikia motema, motema, motema mpaka ushuke. Hicho ni Kilingala, na motema ni moyo. Kinyozi wangu ni Mkongo. Siku moja nikamuuliza kama hilo ni neno la wazee. Akasimamisha mashine. "Kwani mtoto hana motema, ndugu yangu?" Kampala ni omutima. Kigali ni umutima. Malawi, kwa Kichewa, ni mtima, herufi kwa herufi kama wetu. Huko muuza ndizi analitumia na hakuna anayempa alama. Mzizi ni mmoja, wa Kibantu, na kuna lugha ambamo unagusa hadi ini.

Enyewe hapa ndipo mambo yananoga. Mganda ana omutima, moyo, na pia ana omwoyo, roho. Roho Mtakatifu kwake ni Omwoyo Omutukuvu. Mchewa naye ana mtima kwa moyo, na moyo kwa uhai. Sisi je? Ninavyosoma mimi, neno la Kiarabu, roho, lilikuja likakalia kiti cha moyo. Moyo ukasogea ukakalia kiti cha mtima. Mtima ukabaki umesimama, ukaenda kuishi kwa washairi. Hakuna neno lililokufa hapo, ni watu kusogezana kwenye benchi. Lakini darasani tunaambiwa tu "moyo", halafu twende swali linalofuata.

Na hata huko kuhama hakukukamilika. Fungua kamusi utafute mtimanyongo: chuki, kijicho, mtu mwenye hayo. Leo tunasema "roho mbaya", na mtaani "roho chafu", maneno ambayo hayakuambii kitu. Mtimanyongo unakuonyesha uchungu unatoka wapi na unadondokea wapi. Nani aliamua tuliache?

Ninaowalaumu si walimu peke yao. Sisi wa maikrofoni tuna kesi yetu. Kwenye jioni moja ya mashairi nilimsikia kijana akipanga mtima, huba na muhibu katika ubeti mmoja, kama mtu anayeshonea pazia makombe ya baharini. Watu wakapiga vidole. Akashuka jukwaani, akaketi kando yangu, akasema, "Msee, roho yangu imechoka." Shairi lilikuwa hapo, kwenye kiti cha plastiki. Ule mtima wa jukwaani ulikuwa umevaa kanzu ya kukodi, kwa sababu yeye pia alifunzwa kwamba ni pambo.

Kinachoniudhi zaidi ni yule mtoto wa Mkongo au wa Mnyarwanda anayesoma hapa Nairobi. Anatoka nyumbani asubuhi na neno hilo mdomoni, mamake amelitumia akimvisha sweta, halafu mwalimu anamwambia ni la zamani, ati linapatikana kwenye tenzi pekee. Amenyang'anywa kitu ambacho ndicho kingemfanya akae darasani kama mwenyeji. Na mwenzake Mkenya hajawahi kuambiwa kwamba Kiswahili chake kina ndugu hai Kampala, Kigali na Kinshasa. Anadhani maneno magumu yote yametoka ng'ambo ya bahari.

Mimi nimeanza kulitumia, vibaya na bila ruhusa. Juzi nilimwambia mamangu kwa simu kwamba mtima unaniuma. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza nimekula nini.