Redio ya mjomba haidanganyi mchana

Juzi juzi nilikuwa Rukuba, kile kisiwa cha Ziwa Victoria upande wa Musoma, kumsalimia mjomba wangu mvuvi.

Saa nane mchana, jua linawaka, mjomba kawasha redio yake ya betri, kaiweka AM mahali pasipo na stesheni. Kimyaa. Mara, "kwaa! kwaa!" Akawageukia vijana wake: "Hakuna kutoka." Mimi mtoto wa mjini nikacheka kimoyomoyo. Haikupita saa nzima, radi na upepo vikashuka ile mbaya. Ziwa likachafuka, si mchezo. Nikafyata.

Usiku redio ikakwaruza mfululizo, na nje nyota tupu. "Mjomba, mbona hatukimbii?"

"Mpwa wangu, usiku redio inasikia hata ya mbali. Mchana ndiyo uiamini."

Mzee hakusoma fizikia, lakini kaipatia. Kila radi inapopiga hutoa mawimbi ya redio. Mchana jua hung'oa elektroni kwenye hewa ya juu, kilomita kama 60 hadi 90 kutoka tulipo. Wimbi la radi ya mbali likipanda huko, elektroni zinatikisika, zinagongana na chembe za hewa, na nguvu yote inaishia kuwa joto. Limezimwa! Radi ya karibu haina haja ya kuzunguka huko, inakufikia moja kwa moja. Ndiyo maana kwaruzo la mchana ni la jirani.

Jua likizama, nyingi ya elektroni zile zinarudiana na hewa. Wimbi linapita, linadunda kwenye tabaka la juu zaidi na kukuangukia kutoka mamia ya kilomita. Hata stesheni za mbali hushika usiku kwa sababu hiyohiyo.

Yapo mawimbi ya radi yanayotoroka mpaka anga za mbali. Huko nako, elektroni zenye mwendo unaokaribiana na wa wimbi hulidandia, kama konda na daladala, zikalinyonya nguvu.

Sasa kasheshe: dhoruba za ziwa hili hupenda usiku, muda uleule wavuvi wa dagaa wapo majini, na redio nayo imechanganyikiwa. Nikamuuliza mjomba anafanyaje.

"Usiku naangalia mmweko na mawingu. Nikiwa na wasiwasi, silipeleki mtumbwi. Dagaa wapo hata kesho."

Washkaji, hiyo nimeibeba. Tukutane wiki ijayo.