Saa za Mwalimu Nazo ni Gharama

Kila linapozuka tatizo la kijamii katika nchi hii, wakubwa hukimbilia shule. Ukimwi, dawa za kulevya, ajali za barabarani: yote hayo mwalimu amepata kutwikwa. Sasa unabisha hodi unene wa kupindukia miongoni mwa watoto, na dawa inayopendekezwa ni ile ile: shule zianzishe mipango ya kuuzuia.

Nia hiyo siipingi. Ninalouliza ni nani atakayeigharimia. Watetezi wa mipango hii hudai kwamba gharama ni ndogo, maadamu majengo yapo, watoto wapo na walimu wapo. Waama, hoja hii ina kasoro. Kuwapo kwa mwalimu darasani si ithibati kwamba muda wake ni wa bure.

Na tuitazame Uingereza, ambako zaidi ya mtoto mmoja katika kila watano wanaomaliza shule ya msingi ana unene huo. Katika eneo la West Midlands, shule 54 zilishirikishwa katika jaribio lililowahusu watoto wa miaka sita na saba. Zile zilizopewa mpango zilitakiwa kuongeza nusu saa ya mazoezi ya viungo kila siku kwa mwaka mzima. Aidha, wazazi walialikwa kujifunza upishi bora pamoja na watoto wao, na hata klabu ya soka ya Aston Villa ikahusishwa. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2018: hapakuonekana tofauti ya maana ya uzito baina ya watoto hao na wenzao waliokosa mpango.

Nusu saa kwa siku ni saa mbili na nusu kwa juma. Hapa kwetu, hivyo ni zaidi ya vipindi vinne vya dakika 35. Je, ni somo gani litakalopunguzwa? Isitoshe, fedha ambazo serikali hupangia mwanafunzi wa shule ya msingi ni shilingi 1,420 kwa mwaka. Utafiti wa kitaifa wa mwaka wa 2022 nao ulionyesha kwamba asilimia 18 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa, ilhali wenye uzito uliozidi ni asilimia 3. Shilingi itakayotolewa kwa hawa isije ikapokonywa sahani ya wale.

Mimi ni mwanaisimu, na kazi yangu ni kusikiliza maneno. Katika mazungumzo yetu ya kila siku, mtu mnene husemwa kwamba "ana afya". Aliyekonda huulizwa kama anaugua. Mtoto aliyefunzwa asubuhi kwamba unene waweza kuleta maradhi, jioni hurejea nyumbani ambako unene na afya vina jina moja. Somo la nusu saa litashindana vipi na sifa za shangazi na majirani?

Kwa hivyo, kabla ya waraka wowote kupelekwa shuleni, Wizara ya Elimu na itoe hesabu kamili: saa ngapi, za nani, na kwa malipo gani. Hali kadhalika, tuanze na yale yasiyomla mwalimu muda wake. Mexico ilipiga marufuku uuzaji wa vyakula duni shuleni kuanzia Machi 2025. Sisi nasi tunaweza kuangalia kinachouzwa langoni, kuleta maji safi, na kulinda viwanja vya michezo. Tusisahau kwamba mnamo Januari 2015, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road jijini Nairobi walirushiwa gesi ya kutoa machozi walipokuwa wakidai kiwanja chao kilichonyakuliwa. Nchi inayowanyima watoto mahali pa kukimbia haina haki ya kumdai mwalimu awapunguze uzito.

Wahenga walinena kwamba mkono mmoja haulei mwana. Mwalimu ni mkono mmoja tu, nao tayari umejaa chaki na madaftari ya kusahihishwa.