Sungura Hana Ukorofi, Ameelemewa
Ukipita Zombe, Kitui Mashariki, jua la Februari likiwa utosini, chungulia kizimba cha sungura kilichoezekwa mabati. Utamkuta mmoja amejinyoosha, anahema mbiombio. Mwingine anang'ata waya au anapiga mguu wa nyuma sakafuni, pu! Watu husema ni mkorofi. La hasha, ameelemewa. Sungura hatoi jasho kama sisi. Joto lake hupitia zaidi masikioni, na hewa ikivuka nyuzi 30 huanza kuteseka. Kishindo cha mguu ni tahadhari: amenusa mbwa au amesikia asichokijua. Mama aliyetishwa punde tu baada ya kuzaa aweza hata kuwala wanawe, nasi tukamwita mchawi. Dawa yenyewe haiuzwi dukani. Sogeza kizimba chini ya mwembe, funika mabati kwa nyasi, tundika gunia lililoloweshwa upande unakotoka upepo, na maji yasikauke. Mpe nyasi kavu za kutafuna na kisanduku cha kujificha. Watoto nao wakome kumwinua kwa masikio. Sungura hubebwa kwa mikono miwili, mmoja kifuani, mwingine matakoni.