Ufunguo Mmoja, Milango Yote

Watu wengi hudhani kwamba tovuti za habari hudukuliwa na mabingwa wenye elimu isiyofikika. Mabingwa hao wapo. Hata hivyo, mara nyingi mdukuzi havunji chochote: huokota ufunguo mahali pengine, akaujaribu, na mlango ukafunguka.

Kisa cha kampuni ya Gawker Media ya New York chadhihirisha jambo hili. Mnamo Desemba 2010, kundi lililojiita Gnosis lilipenya katika mitambo yake na kuanika hadharani taarifa za akaunti zipatazo milioni 1.3 za wasomaji. Maneno ya siri yalikuwa yamehifadhiwa kwa fumbo, lakini fumbo lenyewe lilikuwa la kizamani, likizingatia herufi nane za mwanzo tu. Aliyejitaabisha kuandika herufi kumi na tano hakufaidika na zile saba za ziada. Yakafumbuliwa kwa maelfu, na ikabainika kuwa zaidi ya watu 3,000 walijilinda kwa 123456, ulinzi ambao hauzidi kufunga mlango kwa uzi.

La kustaajabisha ni kwamba mwasisi wa kampuni hiyo, Nick Denton, naye alilitumia neno moja la siri katika huduma kadhaa. Wadukuzi walipolipata, walisoma hata mazungumzo ya ndani ya wafanyakazi wake. Wasomaji waliorudia maneno yao ya siri kwingineko nao hawakusalimika: baada ya muda mfupi akaunti zao za Twitter zilianza kutangaza matunda ya acai ya kupunguzia unene, wenyewe wakiwa hawana habari.

Magazeti madogo yasidhani kuwa hayo ni ya wakubwa pekee. Ziko ofisi ambamo neno moja la siri hufungua tovuti, barua pepe na kurasa za mitandao ya kijamii, nalo hujulikana na mhariri, mpiga picha na hata kijana aliyeacha kazi mwaka juzi. Mwenye kuishika barua pepe ndiye mwenye vyote, kwani huko ndiko hutumwa kiungo cha kubadilishia maneno mengine ya siri.

Tiba yake si ghali. Kila akaunti iwe na neno lake, refu, lililotunzwa katika programu maalumu ya kuhifadhi maneno ya siri, na kila mhariri awe na akaunti yake mwenyewe. Uwashwe uthibitisho wa hatua mbili, kwanza kwenye barua pepe. Anayeondoka kazini afungiwe akaunti siku hiyohiyo.

Nayasisitiza haya kwa sababu ya kurasa za familia. Mama anayeuliza juu ya talaka, au kijana anayeeleza ugomvi wa mirathi nyumbani kwao, huomba jina lake lisichapwe, na gazeti humwitikia. Lakini jina hilo limo ndani ya barua pepe ya mhariri, pamoja na namba ya simu na kisa kizima.